Nyumba ya udongo iliyoshinda tuzo, na kiwanja chako cha Kigamboni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina kiwanja Kigamboni, mita 20 upande wa barabara na mita 25 kwenda ndani, barabara ikiwa magharibi. Nataka kujenga nyumba ya chini ya vyumba vitatu, kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana. Fundi ananishauri "kontemporari": paa la kujificha, bati jeusi, madirisha mapana ya kuslaidi. Mpwa wangu anayesomea usanifu majengo ananionyesha shule za udongo za Francis Kéré na kunisihi nijenge kwa udongo. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema nyumba za udongo tumeziacha kijijini. Je, huu usanifu unaopewa tuzo una lolote la kumfaa mtu wa kipato changu, au ni wa kupigia picha tu?

JIBU: Mwalimu, unalo la kukufaa, tena kubwa. Ila sidhani kama ni udongo.

Francis Kéré alipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika fani yetu. Ni mzaliwa wa Gando, kijiji cha Burkina Faso, alisomea Berlin, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata. Kazi iliyomtambulisha ni shule ya msingi ya kijijini kwao, iliyokamilika 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004. Mpwa wako ana haki ya kuipenda. Nahisi tu kwamba akiitazama anaona kuta, na mimi ningemwomba ainue macho atazame paa.

Kuta za Gando ni za tofali za udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo. Juu yake zimelazwa boriti za zege, na juu ya boriti zikapangwa tofali za udongo zenye nafasi katikati. Hiyo ndiyo dari. Bati haliigusi dari hiyo. Limeinuliwa juu kwa kenchi zilizochomelewa kwa nondo za kawaida, zile zile tunazozifunika kwa zege, na waliozitengeneza ni wanakijiji waliofundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Jua linapiga bati na bati linachemka, lakini upepo unapita kati ya bati na dari na kuondoka na lile joto. Hewa ya moto ya darasani nayo hupanda na kutokea kwenye nafasi za dari. Halafu bati limetokeza mbali nje ya kuta, hivyo kuta hazipigwi na jua la mchana wala hazilowi. Liondoe paa lile, na utabaki na nyumba ya udongo ambayo mvua za miaka michache zingeimaliza.

Mke wako, kwa taarifa yako, anasema walichosema watu wa Gando. Kéré ameeleza hadharani kwamba wenzake walishangaa: kijana amekwenda Ulaya kusoma, na anataka kurudi kuwajengea udongo? Walikuwa na sababu, maana walizoea kuona kuta zao zikibomoka kila msimu wa mvua. Ilibidi awaonyeshe kwa vitendo. Kwa hiyo usimchukulie mama kama mtu asiyependa maendeleo ya fani. Anaujua udongo usio na paa zuri, na anachokijua ni kweli.

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo picha haiwezi kukuonyesha, nalo ni hali ya hewa. Gando ni joto kavu. Mahali pa namna hiyo ukuta mzito ni rafiki: mchana unameza joto polepole, usiku hewa inapopoa unalitoa, asubuhi unaanza upya. Dodoma inakaribia hali hiyo. Mwezi Julai mchana unaweza kufika nyuzi 26 na usiku ukashuka hadi 13 au 14. Ungekuwa na kiwanja Dodoma ningekuambia msikilize mpwa wako, tafuteni udongo mwekundu, anzeni majaribio ya tofali. Jengo la Eastgate la Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, linafuata mantiki hiyo hiyo kwa zege: usiku hewa baridi inapitishwa kwenye jengo, zege linapoa, na ubaridi ule unatumika mchana. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ina usiku wa kuvuna.

Kigamboni hakuna usiku wa namna hiyo. Februari mchana ni nyuzi 32 hivi, usiku 25, na unyevu haupungui. Ukuta mzito uliopigwa na jua mchana kutwa utalirudisha joto chumbani saa nne usiku, wakati mnataka kulala. Kwenye joto la unyevu kinachomsaidia mwili ni vitu viwili: kivuli, ili nyumba isimeze joto tangu mwanzo, na hewa inayotembea juu ya ngozi. Hapo ndipo ninaposimama, na kila ushauri wa hapa chini unatoka hapo. Kuta jenga kwa bloku za kawaida ukipenda. Kigamboni sehemu nyingi ni mchanga, udongo wa kufyatulia tofali itabidi uletwe kwa lori, na unafuu wake utaishia kwenye mafuta ya lori. (Saruji ina lawama yake, maana utengenezaji wake unachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu. Lakini utaipunguza zaidi kwa kuacha vitu usivyovihitaji kuliko kwa kusafirisha udongo.)

Mpwa wako akitaka mifano inayofanana na pwani yetu, asiishie Burkina Faso. Atazame msikiti wa Bait ur Rouf wa Dhaka, Bangladesh, kazi ya msanifu Marina Tabassum, uliokamilika 2012 na kupata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2016. Dhaka ni joto na unyevu kama sisi. Msikiti ule ni wa tofali za kuchoma za kawaida kabisa, ila zimepangwa kwa kuachiana matundu, ukuta mzima unapitisha hewa na mwanga, na waumini wanaswali bila kiyoyozi. Karibu zaidi na nyumbani, mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za mfano, zinazoitwa Star Homes, na familia zilihamia humo huku watafiti wakifuatilia afya za watoto: malaria, kuhara, magonjwa ya njia ya hewa. Ni nyumba nyepesi za ghorofa moja, kuta zake zinapitisha hewa na kuzuia mbu, vyumba vya kulala viko juu ambako kuna upepo na mbu ni wachache. Kabla yake zilijaribiwa nyumba chache katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga. Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi muhimu za usanifu zilizofanyika Tanzania katika miaka hii, na inanisikitisha kwamba watu wa Dar es Salaam wanaijua kidogo kuliko wanavyojua majumba ya vioo ya Dubai.

Na tulikuwa nayo maarifa haya. Soko la Kariakoo, alilolibuni Beda Amuli katika miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege na pembeni likaachwa wazi, hewa ipite juu ya vichwa vya maelfu ya watu. Nyumba ya Kiswahili ya mitaani, ile ya ukumbi wa katikati kutoka barazani hadi uani, ilikuwa njia ya upepo; na katika nyumba nyingi za zamani kuta za ndani hazikufika kwenye paa, hewa ikapita juu kutoka chumba hadi chumba. Tulizifunga kwa siling'i ya jipsamu, kisha tukanunua kiyoyozi.

Sasa twende kiwanjani.

Barabara yako iko magharibi, na fundi bila shaka ataitaka nyumba iwe pana kwa upande huo ili ipendeze kwa wapitao. Nakuomba ukatae. Igeuze, iwe ndefu kwenda ndani: tuseme mita 15 kutoka magharibi kwenda mashariki, na upana wa mita 9. Kuta ndefu zitatazama kaskazini na kusini, na kila upande utabaki na mita 5 na nusu za wazi mpaka kwa jirani. Hilo litakupa mambo mawili. La kwanza ni upepo. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, kwetu unavuma kaskazi, kutoka kaskazini mashariki. Baadaye kusi kutoka kusini mashariki. Kuta ndefu zitaupokea wa kwanza kwa upande mmoja na kuutoa kwa mwingine, na msimu ukigeuka njia inageuka.

La pili ni jua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nyumba nyingi za pwani zinapoharibikiwa. Dar es Salaam jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, na hata wakati huo upenu (bati linalotokeza nje ya ukuta) wa mita 1 unatia kivuli ukuta wa kaskazini karibu mita 1.7 kwenda chini, yaani dirisha zima. Desemba linaegemea kusini, liko juu zaidi, na upenu huo huo unafunika ukuta wa kusini wote. Kwa mita moja ya bati umemaliza tatizo la pande mbili. Magharibi haiwezekani hivyo. Saa 11 jioni jua limeshuka, upenu wa mita 1 unatia kivuli chini ya nusu mita, na dirisha linapigwa usoni. Kwa hiyo upande wa magharibi usiweke chumba cha kulala. Weka baraza yenye kina cha mita 2.5 hivi, nyuma yake stoo na choo cha wageni, na madirisha madogo. Vyumba vya kulala viende mashariki, vipate jua la asubuhi ambalo bado halina ukali na upepo wa bahari.

Paa la kujificha silikatai kwa sababu ya mtindo. Nalikataa kwa sababu linafuta upenu. Ule ukuta wa juu unaoficha bati unakula bloku, nondo, zege, plasta na rangi, kisha unakuachia kuta zisizo na kofia na mfereji wa maji uliofichwa mahali ambapo hutauona ukiziba. Nimeingia mchana wa Februari kwenye nyumba ya namna hiyo, mpya, nzuri kwa macho. Chini ya mfereji siling'i ilikuwa na madoa ya kahawia, kuta za nje zilikuwa na michirizi ya ukungu kutoka juu hadi madirishani, na familia ilikuwa imehamisha magodoro sebuleni kwenye pangaboi pekee lililokuwepo, kwa sababu vyumbani hakukukalika. Pesa waliyoitumia kuficha paa ingetosha kulitokeza nje pande zote.

Paa lako liwe la mwinuko wa kutosha, lionekane, lisione haya. Bati jeupe au la rangi hafifu. Bati jeusi juani linapita nyuzi 60, na joto hilo linashuka juu ya kitanda chako. Chagua bati lenye kinga nzuri dhidi ya kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Chini ya bati tandika ile karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto kabla ya kupiga siling'i. Kwenye ncha mbili za paa acha matundu makubwa yenye wavu, na chini ya upenu acha mengine, hewa iingie chini na kutokea juu. Hilo ndilo paa la Gando kwa bajeti ya Kigamboni: bati, nafasi ya upepo, kisha dari.

Madirisha. Dirisha la kuslaidi la mita 1.5 linafunguka nusu tu, kwa hiyo umelipia mita 1.5 na umepata sentimita 75 za hewa. Ukiweka wavu wa mbu, kama inavyopasa, hewa inapungua tena. Bora dirisha la kufunguka lote au la luva, lenye grili imara ili mlale limefunguliwa bila hofu. Kila chumba kiwe na matundu pande mbili, na pale ambapo ukuta wa nje ni mmoja tu, acha nafasi ya luva au tofali za maua juu ya mlango ili hewa ivuke ukumbini. Pangaboi kila chumba: linatumia wati 60 hivi, wakati kiyoyozi kidogo kinakula kama wati 1,000. Mkitaka kiyoyozi kwa ajili ya Februari, wekeni chumba kimoja kinachofungika vizuri, vingine viache vipumue.

Umesema utajenga kidogo kidogo. Kwa hili kuna mtu mwingine wa Pritzker ambaye nadhani atakufaa kuliko Kéré, naye ni Alejandro Aravena wa Chile, aliyeipata 2016. Mwaka 2004, katika mji wa Iquique, yeye na wenzake wa Elemental, ofisi yao ya usanifu, walipewa pesa isiyotosha kujengea nyumba kamili karibu familia mia moja. Wakajenga nusu ya kila nyumba, ile nusu ambayo familia isingeweza kuijenga vizuri peke yake: muundo imara, paa, jiko, bafu, ngazi. Nusu nyingine ikaachwa wazi, na familia zikaijaza zenyewe kwa miaka iliyofuata. Baadaye waliweka michoro ya miradi yao minne mtandaoni, yeyote aichukue bure.

Kwetu tunafanya kinyume. Tunamwaga msingi wa nyumba nzima, tunanyanyua boma lote, pesa inaisha, na pagale linakaa miaka mitano likinyeshewa huku nondo za lenta zikila kutu. Wewe gawanya. Awamu ya kwanza iwe upande wa mashariki: vyumba viwili, choo na bafu, jiko, vyote vimeezekwa na kukamilika, muhamie, kodi ya nyumba mnayolipa sasa igeuke saruji. Sebule, chumba cha tatu na baraza vifuate. Lakini mchoro uwe wa nyumba nzima tangu mwanzo, na mahali paa la pili litakapoungana na la kwanza pawe pamefikiriwa, vinginevyo hapo ndipo patakapovuja.

Umeuliza kama usanifu wa tuzo ni wa kupigia picha. Baadhi yake ndiyo. Lakini angalia upepo wa fani ulikoelekea. Maonyesho makubwa ya usanifu ya Venice mwaka 2023 yalisimamiwa na Lesley Lokko, mwenye asili ya Ghana, na zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa Waafrika au wenye asili ya Afrika. Mwaka 2025 wasanifu wa Cave_bureau, ofisi ya Nairobi, walikuwa miongoni mwa walioandaa banda la Uingereza huko huko. Kazi yao ni ya kufikirisha kuhusu mapango, ardhi na ukoloni, haitakusaidia kuchagua bati, lakini inampa kijana kama mpwa wako ruhusa ya kufikiri kuanzia hapa. Pritzker ya 2025 ilikwenda kwa Liu Jiakun wa Chengdu, China, ambaye baada ya tetemeko la 2008 alifyatua matofali kutokana na vifusi vya majengo yaliyoanguka. Na kati ya washindi wa Aga Khan wa 2025 yumo tena Tabassum, safari hii kwa kijumba cha mianzi kinachofunguliwa na kuhamishwa mafuriko yanapokuja. Hayo si mambo ya matajiri. Mpwa wako akitaka kuyachimba bila kulipa, aingie Archnet, hazina ya michoro na picha ambamo miradi ya Aga Khan imehifadhiwa, na apakue mwongozo wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wa 2014 wa majengo ya tropiki, ulioandikwa mahsusi kwa Afrika Mashariki. Akiweza, apande basi aende Mtwara. Au Turkana, Kenya, akaone minara ya kutolea hewa ya moto ambayo Kéré aliijenga kando ya ziwa mwaka 2021.

Kuhusu mama: usimpelekee picha. Mpelekeni kwenye nyumba mbili mchana wa saa nane, moja ya paa la kujificha na moja yenye upenu na baraza, kila moja mkae nusu saa. Yeye ndiye atakayekuwa jikoni na chumbani saa nyingi kuliko fundi, na nadhani mwili wake utamwambia. Hamtakuwa mmerudi kijijini. Kuta zenu zitakuwa za bloku zenye plasta na rangi nyeupe, sakafu ya vigae akitaka.

Mtafute mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Wengi wanakubali kulipwa kwa awamu, na utahitaji michoro ya kueleweka kwa ajili ya kibali cha ujenzi cha manispaa. Mweleze mambo manne kabla hajashika kalamu: upenu wa mita 1, baraza magharibi, hewa pande mbili kila chumba, ujenzi wa awamu mbili. Akianza kukuonyesha sura ya mbele kabla ya kukuuliza upepo unatoka wapi, endelea kutafuta. Na mwezi huu, hata kabla ya msingi, panda miarobaini miwili upande wa barabara, mita 5 kutoka mahali baraza litakapokuwa. Inakua haraka, na kufikia awamu ya pili itakuwa imeshaanza kulizuia jua la jioni. Mchoro wa kwanza ukitoka nitumie, niutazame upenu na madirisha kabla hujaupeleka manispaa.